Ng'ombe wa Bwawa

Nililiona dimbwi lile asubuhi, nikiwa na buti moja mguuni na jingine mkononi, na mpaka leo sielewi nilikimbiaje kutoka pale hadi kwa mwenyekiti wa kijiji bila kulivaa lile la pili.

Lilikuwa dimbwi la kawaida, mbele ya lango la zizi la mama niliyekaa kwake. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kina hakifiki kifundo cha mguu, na mavi ya ng'ombe yalielea pembeni. Mtu mwingine angelikwepa akaenda zake. Mimi nilisimama nikaanza kukumbuka mvua ilinyesha lini. Ilinyesha Jumatatu. Na siku ile ilikuwa Jumamosi! Jua limewaka siku zote hizo na maji bado yapo! Ilhali bwawa letu, ambalo kijiji kizima tulilichimba kiangazi chote kwa majembe na sururu, lilipokea mvua ileile ya Jumatatu, na kufika Alhamisi ungeweza kuanika mahindi ndani yake.

"Mama!" niliita. "Hapa langoni chini kuna nini?"

Mama mwenye nyumba alitoka na kibuyu cha maziwa mkononi. "Chini wapi?"

"Hapa! Mbona maji hayaendi?"

"Yaende wapi?" Alinitazama kwanza, akipima kama nimelala vizuri. "Hapo ng'ombe wanapita asubuhi na jioni tangu mume wangu hajazaliwa. Pamekanyagwa pakawa kama sahani."

Sikungoja amalize. Nilikimbia.

Mimi nilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, penye mifereji. Kwetu maji hayakai. Yanatoka msituni, yanapita kwenye migomba ya huyu, yanavuka kwa yule, na kazi ya watu ni kuyaonyesha njia na kugombania zamu. Nilipomaliza chuo cha kilimo na kupangiwa Hanang kuwa bibi shamba, nilikuja na kiburi chote cha mtu aliyekulia kwenye mfereji. Nani angenifundisha mimi habari za maji? Wakanipeleka kwenye kijiji kimoja juu ya Gitting, chini ya mlima, penye udongo mweusi mwepesi, mzuri ajabu kwa mahindi na maharage, lakini ukiumwagia debe la maji unalimeza kabla hujageuza shingo. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Mimi nilikuwa kipofu, na juu yake mbishi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Kila wiki ulisikia watu wa mahali fulani wamepakiwa kwenye lori pamoja na kuku na mageti ya mazizi yao. Sisi tulikuwa tumekwisha kusogeleana, tuna shule ya vyumba viwili na duka moja la ushirika, lakini maji hatukuwa nayo. Chemchemi ilikuwa juu mlimani. Wanawake walitoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali, na kiangazi walipanga foleni hata kwa kibuyu kimoja. Ofisa wa wilaya aliyeshughulikia usajili wa vijiji alikuja akasimama mbele ya shule, akasema bila kuzunguka: kijiji kisicho na maji yake hakisajiliwi. Mkiwa na maji ya kudumu masika ijayo, mnabaki mlipo. Msipokuwa nayo, mnahamia bondeni, upande wa njia ya Basotu, ambako kisima kinachimbwa.

Watu walinung'unika chini chini. Mama yangu mwenye nyumba hakunung'unika. Alinyanyuka katikati ya wanaume, akajifunga blanketi lake vizuri, akasema, "Shikamoo mzee. Mimi nina watoto wawili wamelala nyuma ya nyumba yangu. Hao nao lori lao lipo?"

Ofisa alikohoa, akafunga faili lake.

Alikuwa mjane, rika la mama yangu mdogo, mwenye ulimi wa pilipili na mkono wa kutoa. Wale watoto walikufa kwa surua mwaka mmoja, wakafuatana. Mumewe alifia huko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akazikwa hukohuko, na yeye hakuwahi kuliona kaburi. "Moja la mbali linanitosha," aliniambia siku ile tukirudi nyumbani. "Hawa siwaachi peke yao wakalimwe na trekta." Hakulia. Alisema tu, kisha akaanza kunigombeza kwamba naburuza miguu.

Basi hapo ndipo nilipoapa kwamba bwawa litashika maji. Nilipima mwenyewe kwa kamba na pima maji, nikachagua bonde dogo linalokusanya maji ya mlima, tukapandisha tuta, tukatengeneza na mlango wa mbao wa kuyatolea maji kwenda kwenye mfereji. Chini ya mfereji nilikuwa nimekwisha kuyaona, kwa macho ya moyoni, matuta ya vitunguu na kabichi ya kila kaya. Vuli ikaja, bwawa likajaa, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya tatu likakauka na lenyewe. Nilichimbua, nikashindilia kwa vinu vya kutwangia, nikangoja mvua nyingine, likakauka tena. "Bwawa la bibi shamba lina kiu kuliko sisi," wakasema dukani, na mimi nikaenda nyuma ya shule nikalia kwa hasira. Kumbe jibu lilikuwa mlangoni mwangu, nalivuka kila asubuhi nikikunja pua.

Mwenyekiti nilimkuta anapiga mswaki. Alinisikiliza povu likimtiririka, akatema, akaja mwenyewe mpaka kwenye dimbwi. Alichuchumaa, akaingiza kidole, akakwangua chini. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyegundua ujinga wake. "Sisi watu wa ng'ombe," alisema, "tumefundishwa ng'ombe na Mchagga!" Kufika saa sita nusu ya kijiji ilikuwa imezunguka dimbwi la mavi, watu wazima na heshima zao, kila mmoja anachomeka kijiti chake na kusema hata kwake langoni ni hivyohivyo. Sijawahi kuona watu wakifurahia uchafu kiasi kile.

Mpango ulikuwa mwepesi kuusema. Tubomoe vichuguu, maana udongo wa kichuguu unanata. Tuutandaze kwenye sakafu yote ya bwawa, unene wa shibiri moja, pamoja na samadi. Tuulowanishe. Kisha tuingize ng'ombe wakanyage, siku tatu au nne, kwato kwa kwato, mpaka sakafu yote iwe kama lango la zizi. Ng'ombe kumi wasingetosha. Ilibidi waje wote, tena kabla ya masika.

Nikaitisha mkutano. Nikasimama na daftari langu la jalada gumu, nikaeleza kwa bidii mpaka jasho likanitoka, na kwa kuwa nilitaka haki itendeke, tena haki ya ujamaa hasa, nikamalizia hivi: "Siku ya Jumatano kila mwenye nyumba alete ng'ombe wake wote. Mimi nitakuwa juu ya tuta. Nitaandika kila mtu na idadi ya ng'ombe wake, ili asije mtu akategea wakati mwenzake anatoa wengi."

Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeuliza swali. Nilitazama zile nyuso zimetulia chini ya mablanketi, nikasema moyoni, ama kweli watu hawa wana nidhamu. Nilisahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wiki ile tulifanya kazi kama wendawazimu. Vichuguu vilibomolewa mpaka upande wa pili wa korongo. Tulibeba udongo kwa makarai, kwa magunia, kwa ngozi kavu za ng'ombe zilizoburuzwa na watu wawili wawili. Jumanne jioni sakafu yote ilikuwa nyekundu, imetandazwa, imesawazishwa. Sikupata usingizi kwa furaha.

Jumatano nilipanda juu ya tuta na daftari na kalamu mbili. Jua likatoka. Mwenyekiti akaleta ng'ombe wake saba. Mwalimu mkuu, mtu wa Singida, akaleta mbuzi wanne, akaomba radhi kwamba hana kingine. Balozi mmoja wa nyumba kumi akapita njiani, akanisalimu, akasema ndama wake anaumwa. Nikangoja. Saa nne. Saa sita. Ng'ombe nilikuwa nawaona kabisa kwa macho yangu kule juu malishoni, wametapakaa mlima mzima, na wenyewe wamekaa kando wakinitazama. Nilipiga kelele mpaka mwangwi ukanirudishia. Udongo wetu ulikauka, ukaanza kupasuka.

Nilifika nyumbani nimefura. Nilimkuta mama anapepeta mtama, nami nikaanza: watu wavivu, watu wasiojitakia mema, wakapakiwe kwenye malori basi, wakaone! Alipepeta mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini.

"Zizini kwangu kuna ng'ombe wangapi?"

"Kumi na mmoja," nikasema kwa kiburi, maana nilikuwa nawajua.

"Wangu ni watatu."

Niligeuka nikalitazama zizi.

"Wale wengine ni wa watu. Wangu wengine wako kwa watu. Huku kwetu ng'ombe wa mtu hawalali zizi moja. Ugonjwa ukiingia hapa, unabaki na wa kule. Mtu asiye na ng'ombe anapata maziwa ya watoto wake kwa kutunza wa mwenzake. Na hakuna anayejua nani ana wangapi. Shemeji hajui. Ndugu hajui. Yule mzee unayemwona na koti limechanika kila siku, unayemwonea huruma, unajua ana wangapi?" Alicheka kidogo. "Hata mimi sijui, na watatu wake nawakamua. Halafu wewe unasimama juu ya tuta na kitabu, unaita kila mtu aje na wake. Mwaka huu, ambao watu wanaambiana kwamba ng'ombe wote watafanywa wa kijiji! Binti yangu, umewaita watu wazima waje uchi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mwaka mzima nilikuwa nimelala ukuta mmoja na ng'ombe wale, nimekunywa maziwa yao, na sikuwahi kuuliza. Nilijua kipimo cha mbolea kwa ekari na sikujua maziwa ya kikombe changu ni ya nani.

"Kwa nini hawakuniambia mkutanoni?"

"Wangesemaje? Kusema tu ni kujivua."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, nne kwa bahati, na mawingu yalikwisha kuanza kupanda nyuma ya mlima kila alasiri. Nikamwuliza, sasa tufanyeje? Na hapo mama yule, niliyemwona mkaidi tu wa makaburi yake, akapiga magoti chini akachora kwa kidole kwenye vumbi, haraka haraka, huku macho yakimng'aa. Ng'ombe asije na mwenyewe. Mazizi yote yafunguliwe saa moja. Wote wapitishwe njia moja, ile ya korongo, wachanganyike hukohuko kabla ya kufika bwawani. Jioni waachiwe tu. "Ng'ombe anajua kwao. Hahitaji kusindikizwa wala kuitwa jina la mtu."

"Na nani atawaswaga?"

"Wanawake. Mwanamume akiingia mle atamtafuta wake kwa macho, na mwenzake atamwona anapoangalia. Sisi tunajua maziwa. Ya nani, si kazi yetu."

"Na wanaume?"

"Wabebe maji ya kulowanisha," alisema, na tukacheka wote wawili mpaka kuku wakakimbia.

Habari ile haikupelekwa mkutanoni. Ilitembea nyumba kwa nyumba, kwa kuazima moto na kuazima kinu, na kwa siku mbili nikawaona wanawake wakicheka peke yao njiani. Mimi nilipewa masharti yangu. Daftari libaki nyumbani. Nisisimame juu ya tuta. Nivue mabuti niingie na wenzangu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi tope lile nilikuwa nimelitaka mwenyewe.

Nikisema kwamba katika maisha yangu nimeona mambo makubwa, watu hudhani nitataja sherehe za Uhuru, na kweli nilizicheza nikiwa msichana wa shule. Lakini mimi nataja asubuhi ile. Kulikuwa na ukungu. Tulijipanga kwenye mdomo wa korongo, wanawake kama mia hivi, khanga zimefungwa juu ya magoti, fimbo mikononi. Kwanza tulisikia kengele moja. Kisha nyingine. Kisha ardhi ikaanza kunguruma chini ya nyayo zangu, na wakatokea kwenye ukungu, pembe, pembe, pembe! Weusi, wekundu, wa madoa, mafahali wenye nundu zinazotikisika, mitamba, ndama wanaolia mama zao. Walijaza korongo ukuta hadi ukuta. Sikujua kijiji kile kina utajiri kiasi kile, na hakuna aliyejua! Wanawake walikuwa wanatazamana mdomo wazi. Kisha mama yangu akapiga kigelegele kimoja, kirefu, tukawaingiza bwawani.

Wanaume walikuwa wamejipanga kutoka kwenye njia ya chemchemi, wakipokezana madebe. Mwenyekiti alikuwa na debe kichwani, anatembea kama kabeba mayai, maji yanammwagikia kwenye kola. "Mkono mmoja tu, mwenyekiti!" wanawake wakampigia kelele. "Sisi tunabeba na mtoto mgongoni!" Yeye mwenyewe akacheka mpaka debe likaanguka. Tulizungusha ng'ombe, tukazungusha, kutoka kwenye tuta hadi upande wa juu, kurudi, kuvuka. Tope lilipanda mpaka magotini, likatuingia nywele na meno. Nilianguka mara tatu. Mara ya tatu nilishika mkia wa fahali mmoja asiyejua cheo changu, akaniburuza nusu ya bwawa, na kijiji kizima kikanishangilia. Jioni tuliwaachia, nao wakapanda mlima, wakagawanyika wenyewe kwenye vijia, huyu kushoto, yule kulia, hadi mazizini.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, Landrova ya wilaya ikatokea.

Alikuwa yule ofisa wa usajili. Alishuka, akapanda juu ya tuta, akasimama palepale niliposimama mimi wiki iliyopita. Alitazama chini kwa muda. Kisha akatoa kalamu mfukoni, na nikaona kidole chake kinaanza kunyooka, kinatembea hewani kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Wanawake wakapunguza mwendo. Fimbo zikashuka. Kule kwenye madebe mtu mmoja akaweka lake chini, na wa nyuma yake akaweka lake. Mama yangu alikuwa mkono mmoja kutoka kwangu, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Bibi shamba!" ofisa aliita. "Kumbe mna mali hivi! Njoo hapa. Hawa ni wangapi? Na ni wa nani na nani?"

Nilipanda tuta na miguu yangu ya tope. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wangapi?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Wewe ni ofisa wa kilimo."

"Sijawahesabu."

"Basi wahesabu. Uniandikie na majina. Taarifa yangu lazima iwe kamili."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kazi yangu ya kwanza, na mshahara wangu ulikuwa unamsomesha mdogo wangu. Mtu yule angeweza kunirudisha kwetu kwa barua ya mistari miwili. Lakini nilijua pia kwamba kikiandikwa kitu chochote pale, ng'ombe wangeondoka, wasingerudi kesho, na sakafu iliyokanyagwa nusu si sakafu. Nikasema kwa sauti, ili wa chini wasikie, "Mzee, mimi siwezi kuwahesabu na sitaandika jina. Hawa ni ng'ombe wa bwawa. Jioni wanaondoka, na sijui wanakokwenda."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, mzee. Ulitaka maji. Tunayatafuta."

Alinitazama, miguu hadi nywele. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira. Akatazama tena chini, na sijui aliona nini, labda wale wanawake mia wamesimama kimya wanamtazama yeye. Akafunga kalamu. "Mvua ikinyesha nitakuja," alisema. "Bwawa likiwa kavu, wao wanakwenda bondeni, na wewe unakwenda kwenu. Nakuahidi."

"Ndiyo, mzee."

Landrova haikuwa imefika barabarani wakati kigelegele cha kwanza kilipopanda. Kisha vyote. Mtu akanirushia tope mgongoni, nikarudisha, na siku ile tulifanya kazi mpaka ng'ombe wenyewe wakatuchoka. Tulimaliza siku ya nne. Yule mzee wa koti lililochanika alipita asubuhi iliyofuata, akapiga kisigino chake kwenye sakafu, akasikiliza mlio, akaniambia, "Hii inalia vizuri." Ni maneno pekee aliyowahi kuniambia.

Masika ilikuja kwa kishindo. Mvua ya kwanza ilipiga mchana na jioni, maji yakashuka kutoka mlimani mekundu, yakaingia, yakapanda. Mwenyekiti alichomeka mti wenye alama za kisu, na watu wakakubaliana: hatuimbi. Tuliimba mwaka jana tukaumbuka. Kesho yake hakukunyesha, nikashukuru na kulaani papo hapo, maana ndio mtihani wenyewe. Siku ya kwanza maji kwenye alama. Siku ya pili kwenye alama. Siku ya tatu, ile ya kiama chetu, sikuweza kula. Nilikwenda alfajiri nikakuta watu wamenitangulia, wamekaa kwenye tuta bila kusemezana. Unene wa kidole kimoja, hivyo tu yalivyoshuka, na hicho kilinywewa na jua. Mwenyekiti alivua kofia. Hapo ndipo tulipoimba, na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha serikali, niliruka ndani na nguo zangu zote.

Ofisa alikuja wiki ya pili. Nikimsema vibaya nimpe na haki yake: alitembea ukingo wote, akauchomoa mti wa alama, akaurudisha mwenyewe kwa mkono wake mpaka mkono wa shati ukalowa. Tukamfungulia mlango wa mbao. Maji yakapiga kelele, yakaingia mfereji, yakateremka kwenye matuta ya vitunguu, na watoto wakayakimbiza mpaka mwisho. Akafungua faili lake juu ya boneti ya Landrova, akaandika. Kisha akatugeukia.

"Kaeni," alisema.

Sijui ngoma zilitoka wapi. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua. Nilimtafuta mama ili nimkumbatie yeye kwanza kuliko wote, na hakuwepo. Nikadhani anakoroga pombe. Nikateremka nyumbani mbio, nikaita jikoni, nikaita zizini.

Alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amepiga magoti kati ya yale makaburi mawili madogo, anang'oa majani, na anaongea kwa sauti, kwa Kiiraqw, haraka haraka, kwa ule ukali wake wa kila siku, kama mtu anayewaita watoto ndani chakula kimeiva. Lugha yake nilikuwa bado naiokoteza. Nilisimama mbali kidogo. Nilianza kulia, na sikutaka anione.

Aliniona. Aliendelea kung'oa majani.

"Nimewaambia kwamba tunabaki," alisema kwa Kiswahili. Mkono wake ulitulia juu ya udongo, na sauti ile ya pilipili ikamkatika kabisa. "Sikuwa nimewaambia kwamba tulikuwa karibu kuhamishwa."